Password ya website ilivyonifikisha chini ya dirisha la mwari, Mbagala

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Naandika kwa aibu, lakini nitasema yote yalivyokuwa, hata pale nilipokuwa mjinga. Mkitaka kucheka chekeni tu.

Mie natengeneza website za maduka. Mteja wangu mkubwa ni mzee mmoja Mwarabu wa hapa hapa Mbagala, tumwite Mzee Nassor, anauza vitambaa na manukato. Kazi yake ndiyo iliyonifanya niache kibarua cha kubeba saruji kule Wazo. Nikimpoteza, narudi kwenye mifuko. Sitanii.

Hosting ya zamani ilikuwa slow, nikamshauri tuhamie server mpya. Akauliza itachukua muda gani.

"Nusu saa tu mzee."

Nikahamisha, nikaona mambo safi, nikafuta kila kitu kule kwa zamani. Nani alinituma jamani?

Kufungua website, nyeupe pee! Nusu ya mafaili hayakufika. Backup sikuwa nayo, msinipige mawe.

Bahati database ilifika nzima, na oda za wateja zimo humo. Nikaweka mafaili mapya, ukurasa wa kuingia ukarudi. Sasa password. Nilikuwaga nimeiandika kwenye faili, na hilo faili lilikuwa kwenye server ile ile niliyoifuta.

Nikabonyeza "nimesahau password". Ikaniambia code imetumwa kwenye simu ya Munira.

Munira ni binti wa Mzee, ndiye tuliyemwandikisha kuwa admin. Ishu ni kwamba alikuwa anaolewa kesho yake. Yuko ndani wiki nzima anasingwa, haonani na mwanamume, na simu kanyang'anywa na somo wake, yaani kungwi, Bi Kidawa.

Mzee akanipigia. "Watu wa bodaboda wamekaa hapa hawajui mzigo upi uende wapi, na kesho nafunga duka. Usiponipa orodha leo, kazi nampa mpwa wangu wa Ukonga."

Nikakimbia nyumbani kwake. Uani kumejaa akina mama wanamenya vitunguu. Bi Kidawa akatoka na tambuu mdomoni.

"Unamtaka nani?"

"Shikamoo mama. Simtaki mtu, nataka tarakimu sita kwenye simu ya mwari."

"Mwari hapokei meseji za wanaume."

"Mama, imetumwa na kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

Ikabidi Mzee apige simu ndiyo akakubali. Mie nikasimamishwa chini ya dirisha, pazia limeshushwa.

Simu ikataka kidole. Vidole vyote vya mwari vina hina mbichi.

Ikataka uso. Uso umepakwa liwa, simu ikasema haimjui huyo mtu. Namba ya siri Munira kaisahau, anatumiaga kidole siku zote.

Code inaishi dakika kumi. Ya kwanza ikafa. Nikaomba ya pili, ikafa akina mama wakibishana kama mwari anaweza kunawishwa shavu moja. Mmoja akapiga vigelegele, mpaka leo sijui kwa nini.

Nikaomba ya tatu. Jasho linanitoka, naiona mifuko ya saruji hii hapa. Bi Kidawa akaamua, "Lifutwe gumba moja!"

Likafutwa. Simu ikafunguka. Akaanza kusoma kwa sauti, "Nne... tisa... hii sita au nane? Leteni miwani!"

Nikaingiza. Ikakubali! Nikampelekea Mzee orodha, akajibu "Sawa". Nilitaka kulia wakuu.

Nikashukuru, nageuka niondoke, nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia. Ni Munira, mwari asiyetakiwa hata kukohoa mbele ya mwanaume.

"Kaka, kwenye database huwezi kuingia?"

"Naingia."

"Sasa si ungebadilisha password huko huko? Dakika moja tu ile."

Nilijua hiyo njia wakuu. Wallahi nilikuwa naijua. Presha tu iliifuta kichwani.

Bi Kidawa hajui database ni nini, ila uso wangu aliuelewa vizuri. Akauliza taratibu, "Na gumba la mwanangu?"

Nikaaga, nikaondoka mbio.

Akina dada walioenda harusini wanasema vidole tisa vilikolea vyeusi vizuri, gumba likatoka rangi ya chai ya maziwa. Na kila shangazi aliuliza.

Nilichojifunza: chukua backup kabla hujagusa kitu, password isikae kwenye server unayoihama, na ukipaniki kaa chini unywe maji kwanza.

Mzee hajanifukuza. Ila amesema kuanzia sasa kila nikifanyacho kikaguliwe na Munira.

Leo asubuhi bosi wangu mpya amenitumia meseji ya kwanza kutoka fungate. Picha ya gumba. Hakuandika hata neno.

Nimjibu nini wakuu? Na kama kuna mwingine aliyewahi kufuta kwa kujiamini kama mie, aje hapa chini tufarijiane.