Tarumbeta Lisilovuta Pumzi

Mtaani walimwita Mama Noti. Wageni walidhani ana hela, kumbe noti zenyewe ni za muziki. Kazi yake ilikuwa kutunga na kupanga muziki wa gemu kwenye kompyuta, katika chumba kidogo ambacho dirisha lake aliliziba kwa blanketi ili kelele za gereji ya jirani zisiingie. Hakuwa na bendi. Alikuwa na kinanda kifupi, spika mbili na kompyuta iliyokuwa na kila ala unayoweza kuitaja. Noti alizipanga moja moja kwenye skrini kama mtu anayepanga vigae.

Safari hii gemu lilihusu tarishi mzee anayevuka milima kupeleka barua ya mwisho. Mama Noti alimtungia wimbo wa tarumbeta, akautuma. Msimamizi wa gemu, mtu asiye na maneno mengi, akampigia simu.

"Wimbo mtamu," alisema. "Ila tarumbeta lako halipumui. Nani anapuliza dakika nzima bila kuvuta pumzi?"

Mama Noti akarudi kwenye skrini. Kompyuta yake ilikuwa na kitufe cha kuvuruga noti kidogo, hii iwahi, ile ichelewe, ili ionekane kapiga mtu. Alikibonyeza. Tarumbeta likasikika kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Akazirudisha noti mahali pake.

Ndipo alipomkumbuka kaka yake. Kaka alikuwa mpiga tarumbeta, tena wa kukodiwa kwenye kumbi kubwa, mpaka mlango wa gari ulipofunguliwa ghafla mbele ya baiskeli yake. Meno ya mbele yakaenda, mdomo ukashonwa. Tangu hapo hakupuliza tena. Aliuza vipuri vya magari, na habari za muziki ukimletea anakuuliza kama unataka plagi au breki.

Mama Noti hakumwuliza. Alifumba macho akamsikiliza kichwani. Kaka aliingia nyuma ya ngoma kidogo, kama mtu anayejua kuwa watamngoja. Noti ndefu aliianza chini, akaikuza, halafu akaiacha ianguke yenyewe pumzi ikiisha. Akishuka ngazi za sauti alikimbia; akipanda alijivuta. Basi Mama Noti akazisogeza noti hivyo hivyo, akapunguza nguvu hapa, akaongeza pale, akakata nafasi za pumzi. Ilimchukua siku kadhaa. Alipomaliza, aliufungulia wimbo wote kwenye spika.

Wifi yake alikuja kurudisha sufuria akasimama mlangoni bila hata kubisha hodi.

"Wifi, hiyo kanda ya mume wangu umeitoa wapi?"

"Si kanda. Nimeitengeneza."

Wifi aliweka sufuria chini, akaondoka bila kuaga. Kesho yake kaka akaja na nguo za kazi, mikono ina grisi.

"Nasikia umenifufua."

"Kwani ulikufa, kaka?"

"Hebu weka."

Alisikiliza akiwa amesimama. Wimbo haujafika katikati akainua mkono, na dada yake akauzima.

"Ni mimi," alisema. "Lakini ni mimi wa mwisho wa shughuli, nikiwa hoi bin taabani. Hukuona wa kukopi ila huyo?"

"Nimekopi ninayemkumbuka."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, basi yangekuwa yameisha hapo."

Kaka akaondoka. Kisha Mama Noti akalifuta tarumbeta lote, na nakala yake pia, akamwandikia msimamizi kwamba kazi itachelewa. Aliona haya zaidi ya alivyosikitika.

Wiki ikakatika. Jumapili mchana kaka akarudi, safari hii amevaa shati safi. Alizungukazunguka chumbani, akagusa spika, akaulizia afya ya watu aliokuwa amewaona jana yake.

"Kile kitu bado kipo?"

"Nimekifuta."

"Umekifuta kweli?" Akacheka kwa mshangao, kiganja mdomoni kama alivyozoea tangu ajali. "Wewe mtoto una kichwa kigumu! Haya, sogea. Tuanze."

Akaketi. Hakupuliza, alivumisha wimbo puani huku vidole vikibonyeza meza kama vitufe vya tarumbeta, na Mama Noti akafuata kwenye skrini. Mara nyingi walielewana, ila waligombana kuhusu pumzi moja, ile ya kabla ya noti ya juu kabisa.

"Hapo utaukata wimbo," alisema Mama Noti. "Msikilizaji atadhani umeharibika."

"Umeshamwona mtu anaruka mtaro bila kuvuta pumzi kwanza?"

"Mtaro ni mtaro, kaka. Huu ni wimbo."

"Mimi ndiye niliyekuwa naruka."

Wakaiweka. Mama Noti bado anaona ingekuwa fupi zaidi. Msimamizi aliposikia alisema, "Sasa sawa," akaomba mwisho upunguzwe kidogo, na jina la kaka likaandikwa kwenye gemu chini ya la dada yake, kwa herufi sawasawa.

Kaka hakurudi kwenye muziki. Duka lake liko palepale, na mteja akimchokoza kuhusu tarumbeta bado humtajia breki. Ila gemu lilipotoka alilipeleka nyumbani kwake, akalicheza kwa vidole vizito. Kwenye daraja la kwanza tarishi wake alitumbukia mtoni, na wimbo ukaanza upya. Akamtumbukiza tena na tena jioni nzima. Mkewe alipochoka alimnyang'anya kidhibiti cha gemu, akamvusha tarishi yeye mwenyewe.