Agripina Afuata Kichupa cha Damu

Agripina, mtaalamu wa maabara aliyehamishiwa kituo kimoja cha afya Hanang, alikuwa na mashine aminifu sana ya kupima sukari ya damu. Kila asubuhi aliijaribu kwa sampuli ya udhibiti, ile ambayo majibu yake yanajulikana tangu awali, ikafaulu. Kisha ikampa Mzee Yakubu wa Getanuwas, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, majibu ya kijana mwenye afya.

"Binti, kumbe nimepona?"

"Shikamoo, mzee. Tupime tena kwanza."

Alimtoa damu nyingine, akaipima papo hapo. Sukari ilikuwa juu mno.

Wataalamu wa kuboresha huduma wakaitwa kutoka nje ya kituo. Walikaa ukumbini siku tatu, wakanywa chai, wakachora mtiririko wa kazi za maabara: visanduku kumi na tisa na mishale ya rangi. Maabara yenyewe hawakuiona. Ilikuwa mbali, kama hatua sitini.

Walipoondoka, Agripina alishika saa, akafuata kichupa kimoja tangu kwenye mkono wa mgonjwa. Kilikaa dirishani, juani, saa mbili nzima kikisubiri muhuri wa mapokezi, huku chembe za damu zikiila sukari iliyomo ndani yake. Sampuli ya udhibiti haikujua foleni hiyo. Yenyewe ilitoka kwenye friji moja kwa moja hadi kwenye mashine.

Akaagiza vichupa vipelekwe maabara kwanza, muhuri ufuate. Majibu ya Mzee Yakubu yakaanza kufanana na ugonjwa wake.

Wataalamu waliporudi walifurahi, wakaandika kwamba mchoro wao umeleta mafanikio makubwa. Agripina naye hawakumsahau. Walimpa cheti cha kuhudhuria kikao.