Benchi Lisilopigwa Randa

Seremala wa kanisa letu alishinda hasira. Tulijua kwa sababu alitukumbusha kila Jumapili. Muda wa ushuhuda ukifika, kabla mchungaji hajamaliza kuuliza nani ana neno, yeye ameshasimama, koti limefungwa vifungo vyote. "Bwana asifiwe! Mimi hapa nilikuwa mtu wa kupasua watu vichwa. Leo niite mbwa, nitakuitikia." Hakuna aliyejaribu. Waumini wa kwetu wana imani, lakini si kiasi hicho. Tukambandika jina la Mshindi, na lilimkaa vizuri.

Mabenchi yote ya kanisa ni kazi yake, na tuseme ukweli, fundi alikuwa fundi. Ukikaa unasahau kuwa umekalia ubao, ndiyo maana wengi tulisinzia mahubiri yakiendelea. Isipokuwa benchi moja, lile la mwisho karibu na mlango. Kwa kanuni zetu, hapo hukaa aliyekutwa na kosa, mpaka wazee waridhike kwamba ametubu. Hilo Mshindi alilifanya fupi, la watu wawili kubanana, halina mgongo, wala hakulipiga randa. Kamati ilipouliza, alicheka. "Mwenye dhambi akikaa raha, atatubu lini?" Kamati nzima ikacheka, ikapitisha.

Basi binti yake akarudi nyumbani. Aliondoka na dereva wa lori bila harusi, akarudi bila dereva, mtoto mgongoni. Mama yake alishafariki. Mshindi alimfungulia chumba cha nyuma ya karakana, katikati ya mbao na makopo ya gundi, kisha akaitangazia kamati kwamba hatasema naye neno mpaka amalize adhabu yake ya benchi. Alisifiwa sana kwa kutopendelea.

Mimi ni jirani yao, niliyaona yasiyofika kwenye kamati. Niliona sahani aliyopakua binti ikirudi jikoni imejaa. Niliona mjukuu akitambaa mpaka kwenye kiatu cha babu, na kiatu kikihama. Jamani, iliniuma. Mtoto wa kutambaa ana kosa gani?

"Benchi naliweza, shangazi," binti aliniambia tukianika nguo. "Kile kimya ndicho kinanimaliza. Kikiendelea hivi nachukua mwanangu naondoka, na safari hii sirudi."

Wiki hiyo hiyo kamati ilikutana kuzungumzia usafi, Mshindi naye akiwamo, nyundo kiunoni. Mwenyekiti, bila nia mbaya, akasema mimbari inayumba kidogo.

"Inayumba mimbari, au unayumba wewe?" akauliza Mshindi.

Mwenyekiti akasema labda mbao zilikuwa mbichi. Masikini, hakujua. Yule bwana pengine ungeweza kumwita mbwa, ila mbao zake usiziite mbichi. Alimporomoshea mwenyekiti matusi ambayo sitayaandika, akanyanyua nyundo yake, akaishusha mezani. Meza ikapasuka katikati. Nayo aliitengeneza yeye.

Kanuni ni kanuni. Jumapili Mshindi alielekezwa benchi la nyuma, ambako nafasi ilikuwa moja tu, kando ya binti yake. Sote tuliimba huku shingo zimegeuka. Alipoinama kukaa, binti akamshika mkono.

"Usikae hapo, baba. Kuna msumari. Njoo huku kwangu."

Akasogea yeye upande wa msumari, na ile nafasi aliyoiacha akaitandikia kitambaa cha kumbebea mtoto. Mshindi alibaki ameinama, anautazama msumari wake mwenyewe.

"Umejuaje?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti tangu arudi.

"Gauni la mama nililovaa lilichanikia hapo. Siku ya kwanza."

Lile gauni Mshindi alilijua. Alikaa, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akanyoosha mikono apewe mtoto. Alilia, na hakujificha. Mahubiri ya siku hiyo sijui yalihusu nini.

Jumatatu alikwenda kanisani na randa. Aling'oa msumari, akalainisha ubao mpaka ukateleza, akaliongezea benchi mgongo. Binti alishika mbao, mjukuu akachezea maranda sakafuni. Ndipo mwenyekiti akaingia.

"Sasa fundi, raha yote hii, nani ataogopa dhambi?" Akainamisha kichwa. "Halafu huo mgongo naona kama umepinda."

Nilikuwa nafagia, nikaacha. Mshipa wa shingo wa Mshindi ulisimama, na randa ilikuwa bado mkononi. Binti akamnyanyua mtoto. Mshindi akaiweka randa chini, akapangusa ubao kwa kiganja.

"Kaa basi, ndugu yangu, unionyeshe palipopinda."

Mwenyekiti akakaa. Walikagua mgongo ule pamoja, na kweli, ulikuwa umepinda kidogo.

Jumapili iliyofuata muda wa ushuhuda ulifika, nasi kwa mazoea tukamgeukia Mshindi. Alikuwa benchi la nyuma, mjukuu amelala begani kwake. Safari hii alikuwa na la kushuhudia, na hakusimama.