Kafi Nyuma ya Kabati

Watu wa mtaa walimwita Mama Pindo, na jina alilipata kwa kazi. Ukimpelekea sketi ya shule aipunguze, ataipima mara tatu, ataikata mara moja, na pindo lake litaishi kuliko sketi yenyewe. Alishonea barazani, cherehani ikiangalia mlango ili aone anayeingia na anayetoka. Shingoni alivaa futi yake ya kupimia tangu anapoamka mpaka anapokwenda kulala. Futi ile haikuguswa na mtu. Mumewe aliwahi kuichukua akapimia dirisha, akairudisha imepakwa rangi ya mafuta, na tangu siku hiyo nyumba ikawa na sheria moja zaidi: anayetaka kupima na apime kwa mikono aliyopewa na Mungu.

Mumewe huyo alikuwa akipeleka wageni ziwani. Alikuwa na ubao mrefu mweupe, ule ambao mtu husimama juu yake akapiga kafi, na kwa ubao huo alilisha watu wake miaka tisa. Kisha figo zikamlaza. Aliugua kwa subira, na Mungu akamchukua Jumanne moja asubuhi, maji ya kumuogesha yakiwa bado yanachemka jikoni.

Baada ya mazishi wakaja watu wa ahadi. Wa kwanza alisema marehemu alimwahidi baiskeli. Wa pili, redio. Wa tatu alikuja na toroli kabisa, akasema aliahidiwa kabati. Marehemu, ambaye alipokuwa hai hakuwa mwepesi wa kuahidi hata kikombe cha maji, alipoingia kaburini akawa ameahidi nusu ya nyumba. Mama Pindo aliitoa baiskeli akilia, akaitoa redio akiwa kimya, na yule wa kabati akamrudisha na toroli lake.

Kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja wiki ya sita na kusema kaka yake alitaka ule ubao ufungwe tanga, Mama Pindo hakuinua hata mguu kwenye cherehani.

"Na wewe pia, shemeji?"

Huyu shemeji waliwahi kumbatiza Nusu Saa. Ukimwuliza atafika lini, nusu saa. Kazi itaisha lini, nusu saa. Harusi yake mwenyewe ilichelewa nusu saa tano. Alikuwa fundi wa faiba, akiziba matangi na mitumbwi iliyotoboka, na mikono yake ilinukia gundi hata siku ya ibada. Akaeleza kwamba mchana upepo ukipanda ziwani kafi halifui dafu, wageni hurudi wakilalamika, na kaka yake alikwisha kununua tanga kuukuu, liko chini ya kitanda. Wangetia mlingoti pale katikati, upepo ungefanya kazi ya mabega.

Tanga lilikuwepo chini ya kitanda, hilo ni kweli. Lakini mwizi naye hujua kilipo kitu.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akija kila Jumamosi kumfariji na kumtia hofu kwa zamu, alisema wazi kwamba huo ni ujanja. Ataukata ubao, kisha atasema umeharibika, kisha atauchukua kuutengeneza, na huko ndiko utakuwa umekwenda. "Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu," akasema, akamega andazi.

Mama Pindo akafanya mambo mawili. Alikubali kazi ifanyike, lakini palepale barazani, mbele ya macho yake. Na usiku huohuo alilichukua kafi, likiwa bado limeviringishwa kwenye shuka alimolifunga siku ya msiba, akalisimamisha nyuma ya kabati. Ubao bila kafi nani angeununua?

Asubuhi Nusu Saa akaja na vifaa vyake, na jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kafi.

"La nini?"

"La vipimo. Kaka alikuwa akipimia kwa kafi."

Mama Pindo akamtazama kiunoni, alikoning'iniza tepu ya chuma ya mita tano. Mtu mwenye tepu anaomba kafi ili apimie. Akajibu kwamba hajui lilipo, na huo ndio uongo pekee aliokuwa amesema tangu msiba. Nusu Saa akakuna kichwa, akaulaza ubao juu ya kipande cha bomba la maji, akawa anausogeza mbele na nyuma mpaka ukatulia kama mizani. Pale pa kutulia akaweka alama, akasogea kidogo kuelekea mbele, akaweka nyingine. Ndipo akakata.

Sauti ya msumeno ule ilimpita Mama Pindo kwenye meno. Ndani ya ubao palikuwa na povu gumu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya dukani. Nusu Saa akalichimba, akapachika kipande cha mti mgumu, akakizungushia gundi ya kuchanganya, akaziba kwa faiba, na katikati ya mti akatia boliti yenye kiungo cha mpira, ili mlingoti ulale upande wowote upepo unaoutaka. Tanga lilikuwa limechanika. Mama Pindo akaliombea uzi mnene, akalitia kiraka cha turubai na kukipiga mishono ya zigizaga safu mbili. Kushona hakukuwa kuamini. Hakuweza tu kuona kitambaa kimechanika akakiacha.

Taabu ilikuja walipougeuza ubao. Nusu Saa alisema lazima akate tundu la pili chini, katikati ya tumbo, la pezi. Lile pezi dogo la nyuma halitoshi, maana tanga likishika upepo ubao utateleza ubavu kama kaa.

"Tundu moja linatosha," akasema Mama Pindo.

Nusu Saa alieleza mara ya pili, kisha ya tatu, mwisho akauacha ubao na tundu moja. Kila alivyoeleza, ndivyo maneno ya dada mkubwa yalivyozidi kuwa kweli. Jioni yake Mama Pindo alimwona nje akinong'ona na dereva wa gari dogo la mizigo, akipima kwa tepu bodi ya gari, kisha akipokea kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alipoingia alikifutika chini ya mfuko wa vifaa bila kusema neno. Usiku ule Mama Pindo alisali, akamwomba Mungu amwonyeshe la kweli, kisha akakagua kufuli mara mbili.

Siku ya kujaribu wakashuka ziwani mchana. Upepo ulitoka nyuma yao, ukielekea ng'ambo. Nusu Saa alivua ndala, akamgeukia Mama Pindo.

"Shemeji, nipe basi kafi. Najua unalo."

"Si ulisema upepo utasukuma?"

Nusu Saa alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefungwa goli na mtoto wa nyumbani. "Nusu saa," akasema, akasimamisha tanga.

Ubao uliondoka vizuri, na kwa muda mfupi Mama Pindo alisahau kushuku, kwa jinsi tanga lilivyojaa na kiraka chake kikakaza kama ngoma. Kisha ukaanza kwenda ubavu. Ulielekea ng'ambo, na kila Nusu Saa alipojaribu kuugeuza, ulizidi kwenda hukohuko. Ukapita nyumba ya pampu, ukazunguka ncha ya matete, ukatoweka.

Ikapita nusu saa, saa nzima, na nyingine. Dada mkubwa alifika na mwavuli. Aliuliza tu ng'ambo kuna nini, ingawa alijua: kuna barabara ya lami.

"Na lile gari," akasema Mama Pindo polepole.

"Mtu ameondoka na ubao, amekuachia ndala," akasema dada yake. "Biashara gani hiyo, ubao kwa ndala."

Mama Pindo alirudi nyumbani mbio. Kama ubao umekwenda, basi angalau lile kafi la nyuma ya kabati liwe mkononi mwake, aende nalo ng'ambo akamwonyeshe kila dereva: tafuteni mwenzake. Akalitoa, akaivua shuka.

Kwenye mti wa kafi palikuwa na wino. Hakuwahi kuuona, maana siku ya msiba alilifunga akiwa na machozi. Ilikuwa mistari ya kalamu ya bei rahisi, shubiri kwa shubiri, kama mtu apimavyo kwa vidole, kuanzia ncha ya kafi, iliyosimama badala ya mkia wa ubao. Mstari mmoja ulikuwa mnene, na kando yake mwandiko wa marehemu ulioinama: *mlingoti*. Shubiri mbili nyuma yake mwingine mnene: *pezi la tumbo, usisahau*.

Alikaa kitandani. Mume wake alikuwa amepimia kwa kafi kwa sababu futi ilikatazwa. Na mtu aliyesema kweli alikuwa ziwani, bila pezi na bila kafi, na vyote viwili ni yeye aliyemnyima.

Barabara ya kuzunguka ziwa ni mwendo wa saa nzima. Aliitembea kwa chini ya hapo, kafi begani, huku akisali kwa sauti bila kujali waliomtazama. Alimkuta upande wa pili wa matete. Nusu Saa alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, kamba begani, akiuburuta ubao hatua kwa hatua dhidi ya upepo. Matete yalikuwa yamemchana mikono yote.

"Kwa nini hukuuacha ukaja kwa miguu?" akauliza.

Nusu Saa alipumua kwanza. "Nirudi mikono mitupu, shemeji? Wewe ungesema nini?"

Mama Pindo alimpa kafi, akamwonyesha mistari. Nusu Saa aliusoma mwandiko wa kaka yake, kidole kikifuata wino, kisha akajipaka maji usoni ingawa uso ulikuwa umelowa tayari. Baadaye alisema kwamba alikosea mlingoti kwa vidole vinne tu. Na pezi analo, amelificha tangu juzi kwenye gazeti. Yule dereva alimletea, na gari alilipima kuona kama litabeba ubao siku Mama Pindo atakapokubali uende kwa wageni.

Kesho yake ubao ulilazwa tena barazani, tumbo juu. Nusu Saa alichukua tepu yake ya chuma. Mama Pindo akamwambia aiweke. Alivua futi shingoni, ile yenye doa la rangi ya mafuta, akailaza kwenye kafi, kutoka ncha mpaka ule mstari wa pili, akasoma namba kwa sauti. Kisha akaushika ubao kwa mikono miwili usitikisike, na akamwambia shemeji yake akate.