Vikapu Vitatu vya Krismasi

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi bustani pale Njombe. Watu wa kijijini kwetu walinicheka sana: mtu mzima na akili zake analipwa kupanda nyasi, na ng'ombe mwenyewe haruhusiwi kuzila! Waacheni wacheke. Wazungu walitaka nyasi, wakataka ua wa michongoma unyooke, wakataka na waridi mbele ya baraza. Wateja wangu wakubwa walikuwa watatu: mke wa afisa mmoja wa boma, meneja wa shamba la miti ya miwati, na Mhindi mwenye duka kule Makambako, ambaye alitaka bustani nyuma ya duka ili mkewe apate pa kupumzikia.

Kila Krismasi tuliwapelekea zawadi ya shukrani. Nasema tuliwapelekea, lakini mchaguzi alikuwa mke wangu. Mimi ningewapa wote mayai, mambo yakaisha. Yeye alinicheka mpaka akashika ubavu. "Mayai kwa Mhindi? We bwana, watu wale hawali mayai! Unataka tufukuzwe?" Basi Mhindi alipata asali. Memsabu, yule mke wa afisa, alipata plamu, tena zile ngumu ngumu, maana alizipika jamu. Meneja, ambaye alikuwa kapera, alipata njegere zilizokwisha kumenywa. "Mpishi wake mvivu," mke wangu alisema, "tukimpelekea na maganda zitaozea pale pale."

Kila zawadi aliitia kwenye kikapu alichokisuka mwenyewe, chenye ukingo mweusi. Kwetu Wabena, ukimpelekea mtu kitu, chombo chako kinarudi, na hakirudi kitupu. Na kweli, kila Januari nilivikuta vimerudi, hiki kina sabuni, hiki kina majani ya chai. Sikujiuliza vimefikaje nyumbani.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi kali, mke wangu alishikwa na kifua. Tulimpeleka hospitali Ilembula, na huko ndiko alikofia. Watoto hatukujaliwa. Nikabaki na nyumba, na kuku, na vile vikapu vitatu vikining'inia jikoni juu ya moshi. Upweke ule, jamani, nisiuseme. Nilikuwa naamka nasalimia kuku ili nisikie sauti ya mtu, japo sauti yenyewe ni yangu.

Na hakuna mteja aliyeuliza habari zake. Memsabu aliniuliza kwa nini mawaridi yana wadudu. Meneja aliniuliza mkasi uko wapi. Makambako nilikuwa nakutana na bwana mwenyewe tu, kaunta katikati yetu, tunazungumza samadi. Sikutaka rambirambi zao. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, "Mkeo hajambo?" ili na mimi nipate kusema.

Krismasi ikakaribia. Nikaketi jikoni, plamu natia, plamu natoa. "Hizi ngumu zinatosha, au niongeze?" nikauliza kwa sauti. Loo! Nani wa kujibu? Nikafikiri nivifiche vile vikapu, vitu nivipeleke kwenye gunia. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya mwisho vya mkono wake, na hakuna tena wa kusuka vingine. Lakini zawadi kwenye gunia! Angenishangaa huko aliko. Vitarudi, nikajiambia, si vimerudi miaka yote? Nikavipeleka vyote.

Januari ikaisha, kikapu hata kimoja hakikurudi.

Nilipokwenda kukata ua kwa memsabu, nikakiona changu dirishani, kimejaa sufi za kufumia. Mwenyewe akatoka barazani anatabasamu. "Asante sana kwa kikapu," akasema. "Kizuri sana." Plamu hata hakuzitaja! Nikapita jikoni kwa mpishi wake, Mbena mwenzangu. "Mwaka huu hakuna aliyekifuata, kaka," akaniambia. "Marehemu alikuwa anakuja mwenyewe, tunapiga soga hapa, namkumbusha memsabu atie chochote, naye anaondoka nacho." Ndipo nilipojua. Sasa mimi ningefanyaje? Kudai chombo ulichopelekea zawadi ni aibu, tena kwa mwanamume! Kwa meneja nilikuta kikapu kimelaliwa na mtoto wa mbwa. Siku hiyo nilikata michongoma yake kwa hasira mpaka ikabaki vijiti, na yeye akanisifu kwa kazi safi.

Mwezi uliofuata nikapanda lori kwenda Makambako. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukizika na kile cha tatu. Nilikuwa nimeinama kwenye waridi nyuma ya duka nikasikia, "Kamwene!" Nikashtuka. Alikuwa mke wa Mhindi, ananisalimia Kibena, na neno hilo bila shaka alifundishwa na mke wangu walipokuwa wakikaa pale pale kwenye nyasi zangu. Mkononi alikuwa na kikapu, ukingo mweusi, kimepanguswa vizuri.

"Nimengoja aje mwenyewe kama kila mwaka," akasema. "Hakuja. Kafanya maringo sasa?" Akacheka. Ndani mlikuwa na sukari, na juu ya sukari doti ya khanga imekunjwa. "Hii yake. Rangi nimechagua mimi, mwambie asimgawie mtu." Kisha akanitazama. "Hajambo lakini?"

Swali lenyewe hilo. Tangu wakati wa baridi nililingoja, na maneno nilikuwa nayo tele, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kuku. Mama yule alisimama ananitazama kwa furaha, anangoja habari za shoga yake. Dunia nzima ilikuwa imebaki na mtu huyo mmoja ambaye kwake mke wangu bado alikuwa yuko nyumbani, anapika, anafanya maringo.

"Hajambo," nikasema, nikapokea kikapu. "Anakusalimu sana."