Nilimkamulia Mdogo Wangu Ndimu Jichoni

Mwenye kosa ni mimi. Si mama, si mtoto, wala si kudra. Mimi! Nyumbani mdomo umekuwa mzito, basi nawaambia ninyi msionijua.

Nasoma kidato cha tatu huku Kilwa, na kemia ndiyo somo langu la kuringia. Kabla ya Idi mama alikuwa uani anazima chokaa ya kupaka nyumba. Mawe ya chokaa yakitoka tanurini, ukiyamwagia maji yanachemka bila moto. Mdogo wangu wa darasa la nne akasogea kuchungulia. Chokaa ikamrukia jichoni!

Akapiga yowe. Mama akakimbilia ndoo ya maji safi, nami nikamshika mkono.

"Mama, usimtie maji! Si unaona maji ndiyo yanaichemsha? Chokaa ni besi, inataka asidi. Tumefundishwa shuleni!"

Mama aliishia darasa la saba. Akaniamini. Nikakata ndimu, nikamfumbua mtoto jicho kwa vidole, nikakamua. Ya Rabi! Kilio kile bado ninacho masikioni.

Ni kweli asidi na besi zikikutana tunapata chumvi na maji. Lakini hutoa joto pia, na hilo nililijua! Kwenye mtihani nililijibu nikapata. Mbele ya jicho la mdogo wangu sikulikumbuka.

Hospitali daktari akauliza tulimsafisha kwa kitu gani. Nikawahi kusema, "Maji." Mama akanitazama, akanyamaza. Akanisitiri, jamani!

Sasa jicho limeingia utando mweupe, linaona mwanga tu. Baba kila siku anamsema mama, "Mtoto anaunguzwa, wewe mama mzima ulikuwa wapi?" Mama anainama tu, anaendelea kupepeta mchele.

Jana mtoto kaniambia, "Dada, usingekuwa unajua kemia, ningepofuka yote mawili." Nilijifungia chooni nikalia huku nimeuma kanga.

Wanafunzi wenzangu, nawasihi! Chokaa, asidi, chochote kikiingia jichoni ni maji, maji mengi, mfululizo, kisha mbio hospitali. Mwili wa mtu si maabara. Na daktari akiuliza, mwambieni kweli, hata kama inawaumbua.

Baba akirudi kutoka kuswali alasiri nitamwambia yote, na kesho nitamfuata daktari. Baba akinipiga, na anipige. Ila mama asisemwe tena kwa ajili yangu.