Kunde Zilizomtangulia Dani

Mvua ya kwanza inapogusa vumbi la Kisumu, majirani zangu hutoka nje kuvuta ile harufu na kusema ni tamu. Mimi huiogopa. Ni mtu mzima sasa, nina bustani yangu nyuma ya nyumba, na bado harufu ya udongo uliolowa hunirudisha darasa la tatu, kwetu upande wa Usenge, mwaka ule niliokuwa nikisubiri mama yangu afe.

Nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: hakuna mke aliyetia mbegu ardhini kabla ya Dani. Ndivyo tulivyomwita bibi, mama mzaa baba. Yeye ndiye aliyefungua msimu, kisha wake wa wanawe wakafuata. Mama, aliyeolewa kutoka Kakamega, aliijua sheria hiyo ila hakuwa na subira nayo. Iliponyesha mvua moja ya ghafla, alichukua jembe akashuka kwenye kipande chake cha bondeni, karibu na ziwa, nami nyuma nimebeba mkebe wa kunde.

"Mama, Dani hajapanda," nilimwambia.

"Atieno, mbegu haijui nani ni mkubwa. Leta huo mkebe."

Siku chache baadaye nilikuwa ufukweni nikigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani karibu na jirani yetu, Mama Achieng, mwanamke aliyejua habari za kila boma na hakuwa mchoyo nazo. Alikuwa akiwasimulia wenzake. "Mke akitangulia mama mkwe kupanda, chira inamshika. Anatapika, anakonda, anakonda tu mpaka anaisha." Chira ni laana inayompata aliyevunja mwiko. Asubuhi hiyo hiyo Mama alikuwa ametapika nyuma ya jiko.

Hofu ya mtoto haina wa kuambiwa, wenzangu. Ningemwambia Dani, ningekuwa nimemchongea Mama. Ningemwambia Mama, angecheka, na niliogopa kwamba kucheka kungeharibu mambo zaidi. Basi kila asubuhi kabla ya shule nilishuka bondeni peke yangu, nikachuchumaa mbele ya zile kunde.

Siku hizi mjini kuna watu wanaofundishwa kutulia, wapumue polepole na kutazama jani moja. Mimi nilifundishwa na woga. Niliona udongo ukipasuka na kunde ikitoka imeinamisha shingo, na bonge la udongo kichwani kama msichana na beseni lake la maji. Niliona majani mawili manene yakifunguka, na mdudu mwekundu wa madoa akipanda shina bila haraka. Kila kilichoota kilinitisha, kwa sababu kadiri kunde zilivyonenepa ndivyo Mama alivyokonda. Siku moja nilishika mche mmoja nikitaka kuung'oa. Nikahisi jinsi ulivyoushikilia udongo. Nikauachia haraka, maana je, nikiung'oa na Mama naye aende?

Hapo kivuli kikaniangukia. Alikuwa Dani.

Alizitazama kunde. Kisha akatazama juu, kwenye jiko letu, ambako Mama alikuwa ameinama ameshika ukuta. Uso wake ulibadilika, nikajua kwamba naye ameogopa, na sikuwahi kumwona Dani akiogopa kitu.

"Nenda shule," alisema tu.

Niliporudi nilimkuta shambani kwake, kando ya njia, akichimba udongo mkavu huku jua likiwaka, akidondosha mbegu zote alizokuwa amezihifadhi juu ya moshi wa jiko. Mama Achieng akapita na beseni lake la samaki.

"Dani, unapanda kwa vumbi? Mvua iko wapi?"

"Mimi nilianza kitambo," Dani alijibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Nyar Kakamega amenifuata tu."

Nyar Kakamega, binti wa Kakamega, ndivyo alivyomwita Mama.

Mvua ilichelewa. Kanga na mchwa walizimaliza mbegu za Dani, hata moja haikuota. Nami sikupata nafuu, kwani Mama aliacha kutapika lakini tumbo likaanza kuvimba, nikaamini chira imehamia humo. Nyinyi chekeni, mimi nililia. Kunde zikatoa maua, zikazaa maganda, yakakauka mpaka yakapasuka yenyewe. Mvua za vuli ziliporudi, tumbo lile likawa ndugu yangu Okoth.

Wiki hiyo Dani alikuja mlangoni kwetu na mkebe mtupu.

"Nyar Kakamega, nipe mbegu."

Akaufungua msimu kwa kunde zile zile.

Kwa miaka mingi nilidhani Dani alimdanganya Mama Achieng kwa sababu hakuamini mambo ya chira. Nilipompata mkwe wangu mwenyewe, mke wa mwanangu, ndipo nilipoelewa kwamba aliyaamini kwa moyo wake wote. Aliogopa kuliko mimi. Alimwaga mbegu zake zote mavumbini ili ajiweke mbele ya mke wa mwanawe, na chochote kilichokuwa kinakuja kimkute yeye kwanza.

Dani tulishamzika, hapo hapo kando ya shamba lake. Mvua ikigusa vumbi, mimi hutoka na mkebe wangu, nikachuchumaa, bado nikiiogopa harufu ile. Kabla sijatia mbegu ya kwanza husema kwa sauti, "Dani ameshapanda." Majirani wanadhani ninajisemea ovyo. Kisha napanda.